Jinsi ya kujenga mji wa fitina na uchawi katika riwaya yako: mwongozo kamili, kuanzia kisimani hadi kwenye kiti cha enzi

Riwaya yangu ya kwanza ya kichawi niliirusha kwa vipande kwenye kundi la simu, kipande kimoja kila Ijumaa usiku. Ilikuwa na mji wa mawe kando ya bahari, sultani mnene asiyetoka kitandani, na bibi kizee aliyeweza kuua mtu kwa kupuliza vumbi la kiganjani. Hadi kipande cha kumi wasomaji walikuwa wananisukuma niongeze kasi. Kipande cha kumi na moja, dada mmoja akaandika swali la mstari mmoja: "Kama bibi anaua kwa kupuliza, mbona sultani bado anakula pilau?"

Nikajitetea kwamba sultani ana kinga. Akauliza kinga kampa nani, na huyo mwenye kutoa kinga kwa nini asikae yeye kwenye kiti. Kundi zima likacheka. Riwaya ikafia pale pale.

Mwongozo huu umetoka kwenye swali la yule dada. Nimeshaandika miji mingine mitatu tangu hapo, na kila nikikwama nalirudia. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba uchawi katika mji wa fitina ni deni. Una anayekopa, una anayedai, na mara nyingi anayelipa si yule aliyekopa. Ukilijua hilo, siasa na uchawi vinaacha kuwa hadithi mbili zinazotembea sambamba, vinakuwa daftari moja. Nitakupitisha hatua kwa hatua nikitumia mji wa kubuni ninaouita Chumvini, na miji mitatu ya kweli iliyonifundisha kazi: Pate, Unguja na Paris.

Hatua ya kwanza: mji ulitajirika kwa nini, na kitu hicho kimeanza kuisha lini?

Usianze na kasri. Anza na kisima, bandari na chakula. Mji ulioza baada ya kunona, na lazima wewe mwandishi ujue ulinona kwa nini, hata kama msomaji hutamwambia hadi sura ya tisa.

Pate ni mfano ambao kila mwandishi wa pwani angeuchunguza. Leo ni kisiwa kimoja katika visiwa vya Lamu, magofu na mashamba ya tumbaku, lakini chini ya masultani wake, Wanabahani, kilikuwa dola. Masimulizi yanasema waungwana wake walipanda vitanda vya pembe kwa ngazi za fedha. Halafu, kwenye mwaka 1812 hivi, Pate na Wamazrui wa Mombasa wakapeleka jeshi kuishika Lamu. Wakashukia Shela, wakapigwa, na waliporudi mbio pwani wakakuta maji yametoka na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Mifupa yao iliendelea kuonekana kwenye vilima vya mchanga vya Shela miaka mingi baadaye. Na Lamu iliyoshinda, kwa kuogopa kisasi, ikamwita mkubwa zaidi: Sayyid Said wa Oman. Akatuma liwali na askari wake, na mkono wake haukuondoka.

Tazama utajiri ulio ndani ya tukio hilo moja kwa mwandishi wa fitina. Aliyeshindwa ameangamia kwa sababu ya kupwa kwa bahari, kitu ambacho mvuvi yeyote wa Shela angemwambia. Aliyeshinda amepoteza mji wake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga.

Kuoza usikueleze kwa maneno makubwa kama "ufisadi ulitamalaki". Kuonyeshe ukutani. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vya plasta vinavyopangwa safu safu, na humo wenyewe walipanga vyombo vya China. Andika ukumbi wenye zidaka arobaini na sahani kumi na mbili. Sura inayofuata sahani ni tisa, na hakuna anayelizungumzia. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kabla hujamaliza aya.

Chumvini, kama jina linavyosema, ulitajirika kwa chumvi. Mashamba ya chumvi yamezunguka mji, na kila dola ya bara hununua. Lakini vizazi saba vya kuchimba vimeifanya bahari ipenye chini, na sasa visima vya mjini vinatoa maji ya magadi. Matajiri wanaletewa maji kwa mashua. Maskini wanakunywa yale yale ya magadi na figo zao zinakufa taratibu. Hapo sijataja mchawi hata mmoja, na tayari nina chuki ya kutosha kurasa mia.

Hatua ya pili: panga wenye madai

Chukua daftari la kawaida, lile la mistari la dukani. Kila mhusika mwenye nguvu mpe ukurasa wake wenye maswali manne: anataka nini, anamdai nani, anadaiwa na nani, na ni jambo gani akilisikia usiku hawezi kulala. Swali la tatu ndilo watu huliruka, na ndilo linaloendesha riwaya. Waziri asiyedaiwa na mtu ni mhutubu tu.

Wahusika watano wanatosha kuanzia. Nimeona waandishi wakianza na koo kumi na mbili, kila ukoo na bendera na mnyama wake, na kufikia sura ya nne wao wenyewe hawajui nani kamuoa nani.

Kisha weka wawili wasioonekana. Hapa Unguja ya 1859 inafundisha kuliko kitabu chochote cha nadharia. Sayyid Said alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, mwanawe Majid ameshika Unguja, na ndugu yake Barghash anakitaka kiti. Katika njama ile karani wa siri alikuwa dada yao Salme, msichana wa miaka kumi na mitano hivi, kwa sababu alikuwa amejifundisha kuandika mwenyewe. Barua za kuagiza bunduki na baruti zilipita mkononi mwake. Nyumba ya Barghash ilipozungukwa na askari, Salme na dada yake Khole wakaingia na kumtoa nje akiwa amevaa nguo za kike, amejifunika, kati ya wanawake, mbele ya macho ya askari ambao adabu haikuwaruhusu kumfunua mwanamke wa kifalme. Uasi ukahamia shambani, ukavunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1870 Majid alipofariki, yule yule aliyetoka amevaa nguo za kike akawa sultani. Na Salme? Alikuwa ameshaondoka na kuolewa na Mjerumani. Aliporudi kwa meli ya Kijerumani mwaka 1885, kaka yake, yule ambaye Salme alimwandikia zile barua za hatari, hakukubali kumpokea.

Kwa hiyo wasioonekana wako wawe wale wanaopita kila mlango kwa sababu hakuna anayewahesabu: mwandishi wa barua, msusi, mpiga chapa wa mihuri, mbeba maji. Chumvini kazi hiyo nimempa Mwana Esha, binti anayepaka hina maharusi wa koo zote tano. Bibi harusi akiwa amenyoosha mikono na miguu saa nne bila kuruhusiwa kusogea, atasema tu.

Hatua ya tatu: andika bei ya uchawi kabla hujaandika uchawi

Kwanza majina. Kiswahili kimetupa msamiati mpana na ni aibu kuuvuruga. Mganga anatibu, au anadai anatibu. Mchawi anadhuru, na hakuna anayejiita hivyo. Mwanga wa Unguja na Pemba huenda usiku na wenziwe. Mpiga ramli anasoma. Mwalimu anaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani, analiosha, mgonjwa anakunywa. Fingo huzikwa ardhini kulinda nyumba au mji. Pepo hupandishwa na kupungwa, na pepo ana kabila, ana lugha, ana chakula anachokitaka. Katika mji wako si lazima vyote viwepo. Lakini ukimwita mtu mganga kwenye ukurasa wa tano na mchawi kwenye ukurasa wa sita, iwe ni kwa sababu mtu mwingine ndiye anayesema, kwani neno hilo lenyewe ni silaha ya kisiasa.

Kisha bei. Jiulize uchawi huu unachukua nini, unakichukua kwa nani, na anayelipa anajua au hajui.

Masimulizi ya Fumo Liongo yanaijua kanuni hii kuliko sisi. Shujaa hafi kwa mkuki wala mshale. Anakufa kwa kitu kimoja tu, sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo anaijua yeye na mama yake. Nguvu za ajabu kama zile, na zina mlango mmoja mdogo. Basi kazi yote ya mtawala adui yake inakuwa si kutafuta silaha, ni kutafuta mtu ambaye Liongo hawezi kumnyima siri. Akampata: mwana wa Liongo mwenyewe, wa kumzaa. Uchawi wenye mlango mmoja huzaa fitina wenyewe, huna haja ya kuisukuma.

Chumvini bei ni jina. Fundi huliandika jina la mtu kwa maji ya chumvi kwenye sahani, akaliacha likauke, akaliosha na kulimwaga baharini maji yakiwa yanatoka. Anachokitaka mteja kinatendeka. Mwenye jina hafi. Ila hakuna tena anayeweza kulitamka, hata mama yake. Anamwona mtoto mlangoni, moyo unamuuma, mdomo hauna cha kuita. Na ukubwa wa jina ndio ukubwa wa kazi. Jina la mbeba maji hununua upepo mzuri wa siku moja. Jina la mwana wa mfalme hununua vita.

Sasa unganisha na siasa. Pwani yetu mtu hudai kiti kwa nasaba: fulani bin fulani bin fulani, hadi kwa mwanzilishi. Je, masultani wa Chumvini, kwa uvivu na ulafi, walilipia ushindi wao kwa majina ya mababu, wakidhani wafu hawana cha kupoteza? Basi leo nasaba ina mashimo. Wapo wadai watatu wa kiti, kila mmoja na ukoo unaokatika katikati, na kitabu cha kadhi kina mabaka meupe mahali palipokuwa na wino.

Na swali la yule dada limejijibu. Sultani bado anakula pilau kwa sababu kumuua kwa uchawi kunahitaji jina lenye uzito wa lake. Wenye majina mazito kiasi hicho ni wale wale wanaokitaka kiti. Nani atalipia ufalme kwa jina ambalo watu wangelitumia kumtii?

Ukifika mahali ambapo sheria ya uchawi na sheria ya urithi zinagombania kitu kimoja, simama unywe chai. Sehemu ngumu kuliko zote imekwisha.

Hatua ya nne: uchawi uwe na duka

Waandishi wengi huuweka uchawi pangoni, msituni, au kwenye mnara wenye radi. Mjini uchawi una mtaa, una saa za kazi, una wateja wa mkopo. Kwa hili hakuna mwalimu kama Paris ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu mambo haya yalitokea kweli na bado yananishangaza.

Mwaka 1672 alifariki afisa mmoja, Sainte-Croix, akiwa na madeni. Wadai na maafisa walipopekua mali zake wakakuta kisanduku chenye sumu na barua. Barua zilielekea kwa hawara wake, mwanamke wa tabaka la juu, Marquise de Brinvilliers, ambaye alikuwa amemuua baba yake na kaka zake wawili ili arithi. Alikatwa kichwa 1676. Mji ukaanza kutazamana mezani. Sumu zile watu walizibandika jina la utani la kutisha kwa utulivu wake: unga wa urithi.

Mkuu wa polisi wa Paris, La Reynie, akaanza kuvuta uzi. Machi 1679 akakamatwa Catherine Monvoisin, aliyejulikana kama La Voisin, akitoka kanisani baada ya misa. Huyu hakuwa ajuza wa pangoni. Alikuwa na nyumba yenye bustani, anasoma viganja na nyuso, anaalika wageni kwa muziki wa fidla. Mteja huja na tatizo dogo: mume baridi, kamari, mpenzi aliyepoa. Anapewa unga wa mapenzi. Usipofanya kazi, anarudi, anapewa ibada. Ibada isipotosha, kuna padri anayeitwa Guibourg ambaye yuko tayari kusoma misa ya kinyume. Na mwisho wa ngazi ile kuna chupa ndogo isiyohitaji shetani yeyote.

Hiyo ngazi iige ilivyo. Mteja haingii kwa mara ya kwanza akiomba kifo. Anaingia akiomba kupendwa. Kila hatua anayopanda, muuzaji anajua siri moja zaidi, na kufikia juu haijulikani tena nani anamiliki nani.

Mahakama maalumu iliundwa Aprili 1679, watu wakaiita Chumba cha Moto. Zaidi ya watu mia nne walitajwa, thelathini na sita wakauawa, La Voisin mwenyewe akachomwa Februari 1680. Halafu ikatokea ile hali ambayo mwandishi wa fitina huiota. Baada ya kifo cha mama, binti wa La Voisin akaanza kutaja jina: Madame de Montespan, hawara wa mfalme, mama wa watoto saba wa mfalme. Mfalme aliyeamuru uchunguzi usimwogope mtu yeyote sasa anaambiwa kwamba huenda kwa miaka alikuwa akilishwa unga ndani ya chakula chake.

Alifanya nini? Hakumshtaki. Hakumwachia huru yeyote aliyelitaja jina lile pia, kwani kesi ya wazi ingelitoa hadharani. Mahakama ikasimamishwa, ikarudishwa, ikafungwa kabisa 1682, na mashahidi wale wakafungiwa ngomeni maisha, bila hukumu, ili wasiseme na mtu. Mwaka huo huo ikatoka amri ya kudhibiti uuzaji wa sumu. La Reynie alipofariki 1709, mfalme akaletewa makaratasi ya siri aliyokuwa ameyatunza, akayachoma. Ila La Reynie alikuwa ameacha madondoo yake, na ndiyo maana leo tunajua.

Soma tena aya hiyo kama fundi. Waliohukumiwa walikufa na shauri likaisha. Waliojua sana hawakuhukumiwa, na adhabu yao ilikuwa ndefu kuliko kifo. Ukweli ulipona kwa sababu mtumishi mwaminifu alikuwa na tabia ya kuandika pembeni. Ninaamini ungeweza kutoa riwaya nne humo bila kuongeza jini hata mmoja.

Kwa kazi yako, fanya hivi: chora duka la mchawi wako. Mlango wa mbele unauza nini, mlango wa nyuma unauza nini? Nani kampangisha nyumba? Askari wa zamu analipwa kwa wiki au kwa mwezi? Daftari lake la wateja liko wapi, na ameliandika kwa maandishi gani? Daftari hilo, amini usiamini, litakuwa mhusika mkubwa kuliko mchawi.

Hatua ya tano: fitina ianze na kitu kidogo

Ufalme ni mkubwa mno kushikika mkononi. Watu hugombana kwa kiti, kwa mlango, kwa nani kaingia kwanza harusini.

Masimulizi ya Pate yana kisa cha Mwana Darini. Mumewe alikuwa ameuawa katika ugomvi wa watawala. Miaka ikapita, nyumba ya sultani ikatangaza sherehe ya kutahiri watoto, na siwa la mji, lile pembe kubwa linalopulizwa kwenye shughuli za wakubwa, likawa ni lao. Mwanawe yeye angetahiriwa bila siwa, yaani mji mzima ungeshuhudia kwamba ukoo ule umekwisha. Mama akamwita fundi hodari, akamfungia kazi kwa siri, na siwa jipya likachongwa kwa pembe za ndovu. Siku ya siku likapulizwa la kwake. Siwa la pembe la Pate lipo hadi leo katika makumbusho ya Lamu, lina urefu wa zaidi ya mita mbili, na ukilitazama unaelewa kwamba mwanamke yule hakuhitaji jeshi.

Au nenda Pujini, Pemba, kwenye boma la Mkama Ndume, mtawala ambaye ukatili wake bado unasimuliwa. Pale kuna kisima ambacho wenyeji husema kiligawanywa kwa ukuta, kwa sababu wake zake wawili hawakutaka kuonana wakichota maji. Kisima kimoja, wivu wa pande mbili. Ningekipa sura nzima.

Fitina huandikwa kwa kurudi nyuma. Amua kwanza tukio la mwisho: siwa linalia upande usiotarajiwa. Kisha uliza nani alipaswa kunyamaza ili liwezekane. Fundi. Muuza pembe. Mtoto aliyesikia msumeno usiku. Kila anayenyamaza ana bei yake, mwingine pesa, mwingine hofu, mwingine kisasi cha zamani, na yupo mmoja ambaye ulimlipa kidogo. Huyo ndiye sura ya kumi na mbili.

Mazungumzo sasa. Watu wetu wa mji hawatishiani kwa kupiga meza. Wanafumba. Hapa Mwana Esha anampaka hina binti wa Waziri, na mama wa Waziri amekaa pembeni:

"Mwanangu, mkono wako mwepesi. Nani kakufunza?"

"Shangazi yangu, bibi. Jina lake sina."

"Kafa?"

"Yupo. Anauza maji pale forodhani. Kila siku namwamkia, anaitikia, tunatazamana."

Bibi akavuta mtandio. "Maji ya forodhani siku hizi ghali."

"Ghali, bibi. Lakini waliokunywa wanajulikana."

Hakuna aliyesema kwamba familia ya Waziri ilinunua upepo kwa jina la shangazi mtu. Wote wawili wamejua. Ukijikuta umeandika "Najua ulichokifanya!", futa, kisha mpe mhusika kazi ya mikono aongee huku akiifanya.

Ushauri mmoja wa haraka juu ya heshima: namna watu wanavyoamkiana ndiyo ramani ya madaraka. Siku ambayo kijana aliyezoea kumwambia mzee "shikamoo" anaanza kusema "sabalkheri", msomaji atashtuka kuliko akiona panga.

Hatua ya sita: mtaa nao uogope

Kasri bila mtaa ni chumba cha maigizo. Uvumi ndio uchawi wa maskini, na una kasi kuliko wa tajiri.

Mwaka 1995 Unguja na Pemba ziliingia katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na miezi kadhaa kabla yake likaja popobawa. Watu walisema huingia ndani usiku, hukandamiza mtu kitandani, na humwamuru asimulie aliyotendwa, la sivyo litarudi. Familia nzima zikalala nje, pamoja, kando ya moto. Wengine wakaliona kama jini, wengine wakaona mkono wa siasa, na pande zote mbili zikalitumia. Zingatia lile sharti la kusimulia. Ni hofu iliyojijengea gari lake yenyewe. Ukiubunia mji wako kitisho, kipe sababu ya kutoka mdomo hadi mdomo, kisha jiulize ni nani kasrini aliyefurahi kwamba watu wanaogopa paa badala ya kuulizia bei ya maji.

Unguja hiyo hiyo, 25 Agosti 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla na mji ukanong'ona sumu. Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza, na asubuhi ya tarehe 27 manowari zikapiga kasri kwa muda usiofika saa moja. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Uvumi wa sumu haukuhitaji kuthibitishwa ili ufanye kazi yake. Katika mji wako asiwepo mkubwa anayekufa kwa homa tu, hata kama kweli amekufa kwa homa.

Na sasa jambo ambalo nalisema bila mzaha. Yule bibi kizee wangu wa kwanza, mwenye macho mekundu, nilimtoa na simrudishi. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa miaka ya kupikia kuni na samadi. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya imani za utajiri. Sheria za uchawi za wakoloni, ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928, ziliweka adhabu hata kwa anayemtuhumu mwenzake, kwa sababu tuhuma peke yake huua. Hadithi yako ni ya kubuni lakini msomaji wako anaishi na bibi halisi. Mchawi wako awe na afya, awe na mkataba, awe na rafiki serikalini. Na ukitaka kumwandika bibi anayetuhumiwa, andika waliomtuhumu walitaka shamba gani.

Hatua ya saba: andika sura ya kwanza

Usifungue kwa historia ya miaka elfu. Usifungue kwa ndoto. Fungua kwa mtu mdogo anayetaka kitu kidogo, leo, kabla ya magharibi, na kukipata inabidi apite kwenye milango mitatu ya mji. Kila mlango umwonyeshe nguvu moja: pesa, damu, uchawi. Mlango wa tatu usifunguke kabisa.

Tatizo la vipande vya kila wiki ni kwamba mwandishi hujisahau. Kabla ya kurusha kipande, fungua lile daftari uweke tarehe: uchawi gani umetumika, jina gani limelipwa, nani bado hajajua. Kama kipande kizima kimepita bila deni jipya au deni la zamani kulipwa, kirudie. Na jina likishafutwa, lisitokee tena hata kwenye masimulizi yako mwenyewe. Mimi huandika kibandiko cha karatasi juu ya meza, "shangazi hana jina", kwa sababu vidole hukumbuka.

Weka pia mtu wa kukukatalia. Si wa kusifu, hao watakuja wenyewe. Mimi nilimtafuta yule dada wa pilau, nikamwomba asome sura ya kwanza ya Chumvini kabla ya kundi. Alikaa nayo siku mbili. Akarudisha swali moja: "Huyo fundi anayefuta majina, la kwake nani analijua?"

Nimeanza kuiandika upya.